Nani Alitia Saini? Siku Kumi na Tatu kutoka Panama hadi Palmerola

Jumatano, tarehe 8 Januari 2025. Jiji la Panama

Ndege imetua Tocumen saa mbili usiku, na kabla sijaupata mkoba wangu nilikuwa nimeshamsikia Donald Trump mara tatu. Televisheni za ukumbi wa kuwasili zilikuwa zikirudia maneno aliyoyasema jana huko Florida, pale mwandishi wa habari alipomuuliza kama anaweza kuahidi kwamba hatatumia nguvu za kijeshi kuutwaa Mfereji wa Panama na kisiwa cha Greenland, naye akajibu kwamba ahadi hiyo hawezi kuitoa. Ataapishwa baada ya siku 12. Dereva wa teksi, mzee mwenye kofia ya majani, aliipunguza redio nilipoingia, akanitazama kupitia kioo na kutikisa kichwa. "Bwana, umeipatia wiki yenyewe," alisema. "Kesho ni tarehe tisa."

Tarehe hiyo niliichagua kwa makusudi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma habari za kambi za Marekani na uvamizi wake katika nchi za Amerika ya Kati, na jambo moja limekuwa likinikereketa: karibu kila mara askari walipoingia, karatasi ilikuwapo. Palikuwa na mkataba, ombi la msaada, hati ya makubaliano au kiambatisho cha hati. Mwenye nguvu hakupenda aonekane amevunja mlango, alipenda aonekane amekaribishwa. Basi nimekuja na swali dogo la kikarani, la kuuliza nani alitia saini, nami nitasafiri nalo kwa basi kutoka hapa hadi Honduras.

Nilimlipa dereva kwa noti ya dola 20. Chenji ilirudi kwa noti za Marekani pamoja na sarafu mbili za balboa. Panama haina noti zake yenyewe, kwa hiyo sarafu ndiyo sehemu pekee ya fedha ya taifa ambayo mtu anaweza kuishika mkononi.

Alhamisi, tarehe 9 Januari. Barabara ya Mashahidi

Leo ni siku ya maombolezo ya taifa. Pombe haiuzwi, muziki umezimwa, na wanafunzi waliovaa sare walikuwa wakishuka kwenye mabasi mapema asubuhi wakiwa na bendera. Nimetembea nao kwa muda kwenye barabara ambayo hadi mwaka 1964 iliitwa Barabara ya Tarehe 4 Julai, kwa heshima ya uhuru wa Marekani, na ambayo sasa ni Barabara ya Mashahidi. Upande mmoja palikuwa Jiji la Panama. Upande wa pili, nyuma ya uzio, lilianza Eneo la Mfereji, lililotawaliwa na Marekani: ukanda wa takribani kilomita 16 kwa upana, kutoka bahari hadi bahari, uliokuwa na gavana wake, polisi wake, mahakama zake na maduka yake, na ambamo Mpanama alikuwa mgeni katika ardhi ya nchi yake.

Kisa chenyewe kinaelezwa hapa kama msiba wa nyumbani, bila haja ya kutaja mwaka. Baada ya mabishano marefu ilikubaliwa kwamba mahali palipopepea bendera ya Marekani ndani ya Eneo, ya Panama nayo ipepee. Gavana wa Eneo akaona njia ya mkato, akaamuru kwamba nje ya shule kusiwe na bendera yoyote. Wanafunzi wa Kimarekani wa shule ya sekondari ya Balboa wakaipandisha ya kwao hata hivyo. Tarehe 9 Januari wanafunzi wapatao 200 wa Instituto Nacional, shule ya Wapanama, walivuka barabara wakiwa na bendera yao, wakitaka ipandishwe pembeni ya ile nyingine, na katika msukumano bendera ya Panama ikachanika. Machafuko yaliyofuata yaliua Wapanama 21 na askari 4 wa Marekani, na Rais Roberto Chiari akavunja uhusiano wa kibalozi na Washington, jambo ambalo nchi ndogo kama hiyo haikutarajiwa kuthubutu.

Shule ya Balboa haipo tena kama shule. Jengo limekuwa kituo cha mafunzo cha mamlaka ya mfereji, nalo limepewa jina la Ascanio Arosemena, mwanafunzi wa miaka 20 aliyekuwa wa kwanza kufa. Mahali ulipokuwa mlingoti wa bendera pamezungukwa na nguzo, na kila nguzo ina jina la shahidi mmoja. Mama mmoja aliyevaa nguo nyeupe alikuwa akiifuta nguzo moja kwa leso, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Sikumuuliza chochote.

Kwenye mgahawa ulio jirani televisheni ilikuwa ikionyesha mazishi ya Jimmy Carter kutoka Washington. Imesadifu tu kwamba rais aliyekubali kuurudisha mfereji anasindikizwa kaburini siku ileile Panama inapowakumbuka waliokufa kwa ajili yake, ila hapa mezani hakuna aliyeiona kuwa sadfa tupu. Mzee wa meza ya pili alivua kofia.

Kuhusu saini: mkataba wa mwaka 1903 ulioizaa hali yote hii haukutiwa saini na Mpanama hata mmoja. Panama ilijitenga na Kolombia tarehe 3 Novemba mwaka huo, huku manowari ya Marekani ikiwa imeshatia nanga Colón, na siku 15 baadaye mkataba ulisainiwa Washington na waziri wa mambo ya nje John Hay pamoja na Philippe Bunau-Varilla, Mfaransa aliyekuwa na maslahi katika kampuni ya zamani ya mfereji na aliyekuwa amejipatia cheo cha kuiwakilisha Panama. Wajumbe wa Panama wenyewe walikuwa bado njiani. Walipofika, nchi yao ilikuwa imeshaipa Marekani haki ya kulitawala Eneo "milele", kana kwamba ndiyo yenye mamlaka, kwa dola milioni 10 na malipo ya dola 250,000 kwa mwaka.

Ijumaa, tarehe 10 Januari. El Chorrillo

Mtaa huu ulijengwa kwa mbao, kwa ajili ya vibarua wa mfereji, wengi wao watu weusi kutoka Barbados, Jamaica na visiwa vingine vya Karibi. Katika Eneo la Mfereji wafanyakazi waligawanywa katika orodha mbili, ya dhahabu na ya fedha, kwa kufuata madini ya sarafu walizolipwa. Wamarekani weupe walikuwa kwenye dhahabu, na waliochimba walikuwa kwenye fedha. Orodha hizo ziliamua duka la kununulia, choo cha kutumia na dirisha la kupokelea barua. Katika miaka ya ujenzi chini ya Marekani walikufa watu 5,609 kwa ajali na maradhi, na wengi wao walikuwa wa orodha ya fedha.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Desemba 1989 nyumba zile za mbao ziliungua. Makao makuu ya jeshi la Manuel Noriega, mtawala wa kijeshi wa Panama, yalikuwa katikati ya mtaa, na zaidi ya askari 20,000 wa Marekani walishiriki katika operesheni ambayo wao waliipa jina la "Sababu ya Haki". Wengi wao hawakuhitaji kusafiri. Walitoka kwenye kambi zao ndani ya Panama kwenyewe, mwendo wa dakika chache kwa gari, na wengine waliletwa kwa ndege na kurushwa kwa miavuli Tocumen, uwanja uleule nilioshukia juzi.

Leo pana maghorofa ya saruji yaliyopakwa rangi, nguo zimeanikwa kwenye varanda, na watoto wanacheza mpira. Nilimkuta bibi mmoja akiuza barafu ya kukwangua yenye sharubati nyekundu, ameketi juu ya ngazi tatu za saruji zisizoelekea popote. Nilidhani ni kiti alichojijengea. "Hii ilikuwa ngazi ya nyumba, mwanangu," alinieleza. "Mbao ziliungua, saruji ikabaki." Alikuwa na miaka 30 wakati ule. Alisema vipaza sauti viliwaambia kwa Kihispania watoke na mikono juu, wakatembea usiku ule hadi kwenye uwanja wa michezo wa shule ya Balboa, ndiyo ileile ya bendera, na baadaye wakahamishiwa kwenye banda la ndege la Albrook, familia na familia zikitengwa kwa mapazia. Nilipomuuliza kama alimpenda Noriega alinikazia macho. "Nani alimpenda? Lakini nyumba haikuwa ya Noriega."

Jibu hilo limenikaa, kwa sababu linakataa pande mbili zinazopenda kusimulia kisa hiki. Noriega alikuwa mtu wa kuogopwa, aliyeyafuta matokeo ya uchaguzi wa Mei 1989, na Wapanama wengi walishangilia alipojisalimisha tarehe 3 Januari 1990 baada ya kujificha siku kumi katika ubalozi wa Papa. Pia alikuwa mtu aliyelipwa na shirika la ujasusi la Marekani kwa miaka mingi, na aliyefunzwa katika shule yao. Jeshi la Marekani lilipoteza askari 23. Lenyewe liliwahesabu Wapanama 516 waliouawa, huku makundi mengine yakitaja idadi kubwa zaidi, na tume iliyoundwa mwaka 2016 ilifika hadi kufukua makaburi ya pamoja.

Na saini? Guillermo Endara, ambaye kwa dalili zote alikuwa ameshinda ule uchaguzi uliofutwa, aliapishwa kuwa rais ndani ya kambi ya Marekani usiku uleule mashambulizi yalipoanza. Kwa hiyo Panama ilikuwa na rais halali wa kuukubali uvamizi, ila alikula kiapo nyuma ya uzio wa mvamizi. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliulaani kwa kura 75 dhidi ya 20.

Jumamosi, tarehe 11 Januari. Clayton

Asubuhi fupi katika iliyokuwa kambi ya Fort Clayton, sasa Mji wa Maarifa, wenye ofisi za mashirika ya kimataifa na kampuni za teknolojia. Mapaa ya vigae vyekundu ni yaleyale, nyasi zimekatwa kwa usawa wa kijeshi, na uwanja wa gwaride umekuwa viwanja vya mpira. Ni pazuri, nami nakiri nilipapenda.

Kuna tukio la historia ambalo wageni hulisahau, nami nililifikiria nikiwa kwenye kivuli cha mwembe pale. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Marekani ilitawanya zaidi ya vituo 100 vya ulinzi nje ya Eneo la Mfereji, na vita vilipokwisha ikataka kubaki na baadhi yake, pamoja na uwanja wa ndege wa Río Hato. Mkataba ukasainiwa Desemba 1947. Wanafunzi na akina mama wakajaa barabarani, na tarehe 22 Desemba Bunge la Panama likaukataa mkataba huo kwa kura 51 bila hata moja ya kuunga mkono. Wamarekani wakaondoka kwenye vituo hivyo. Sifahamu mfano mwingine katika kanda hii ambapo saini ilitolewa mchana na kunyang'anywa kabla ya Krismasi.

Jumapili, tarehe 12 Januari. Colón na ziwa Gatún

Kutoka pwani ya Pasifiki hadi ya Atlantiki ni kilomita 80 tu, na njiani mvua imetupiga mara tatu. Lengo langu lilikuwa Fort Gulick, kambi iliyokuwa na Shule ya Amerika hadi mwaka 1984.

Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1946 kuwafunza maofisa wa Amerika ya Kusini na ya Kati, na ukiisoma orodha ya waliopita humo utadhani unasoma orodha ya washtakiwa: Hugo Banzer wa Bolivia, Roberto Viola na Leopoldo Galtieri wa Argentina, Roberto D'Aubuisson wa El Salvador, na Noriega mwenyewe. Ni haki kusema kwamba maelfu ya wengine walisoma pale na hawakupindua serikali yoyote. Ni haki pia kusema kwamba mwaka 1996 Pentagon ililazimika kuvitoa hadharani vitabu vya mafunzo vilivyotumika huko, ambavyo ndani yake mbinu za vitisho, mateso na mauaji ziliandikwa kama mada za somo. Shule ilihamishiwa Fort Benning, Georgia, na mwaka 2001 ikabadilishiwa jina.

Jengo liligeuzwa hoteli. Limekaa kwenye ukingo wa ziwa, jeupe, refu, lenye matao, na mlinzi aliniruhusu nizunguke upande wa maji. Nilitaka nihisi kitu. Nilichokiona ni nyani wawili juu ya paa la banda la boti na meli ya makontena ikipita mbali, polepole, kana kwamba inakata msitu. Mlinzi, kijana wa miaka kama 25, aliniuliza kama ni kweli kwamba maaskari walifundishwa hapa "kuhoji watu". Nikamjibu kwamba hivyo ndivyo vitabu vyao vilivyosema. Akayatazama madirisha ya juu kwa muda, kisha akasema kwamba yeye hulala chumba cha chini.

Jumatatu na Jumanne, tarehe 13 na 14 Januari. Njiani, kisha San José

Kituo cha mabasi cha Albrook kiko kwenye ardhi ya iliyokuwa kambi ya jeshi la anga, pamoja na duka kubwa lenye msongamano wa watu wa Jumatatu. Mahali fulani karibu na hapa yule bibi wa barafu alilala nyuma ya pazia. Basi lilivuka mfereji na kuelekea magharibi, ambako nje ya macho yetu vimebaki viwanja vya kulengea shabaha vya Empire, Balboa Magharibi na Piña, vyenye mabomu yasiyolipuka ambayo jeshi lililoondoka halikuyasafisha yote. Mpaka wa Paso Canoas tuliuvuka usiku. Mengine ni usingizi wa shingo kupinda.

Costa Rica haina jeshi. José Figueres alilifuta tarehe 1 Desemba 1948 kwa kupiga nyundo ukuta wa kambi ya Bellavista, na kambi hiyo sasa ni Makumbusho ya Taifa, matundu ya risasi yakiwa bado kwenye minara. Niliingia, nikaweka kidole katika tundu moja, na kikazama hadi kiungo cha kwanza. Hata hivyo nchi isiyo na jeshi haikosi wageni wenye jeshi: katika miaka ya 1980 uwanja wa siri wa ndege ulijengwa Guanacaste kwa ajili ya kuwapelekea silaha Contra, waasi waliopigana na serikali ya Nikaragua.

Jambo lililonileta San José hasa ni mahakama. Mwaka 1907, Marekani yenyewe ikiwa mwenyeji wa mkutano, nchi tano za kanda zilikubaliana kuunda Mahakama ya Haki ya Amerika ya Kati, ambayo baadaye ilikaa katika mji huu. Kisha mwaka 1914 Marekani na Nikaragua zikasaini mkataba ulioipa Marekani, kwa dola milioni 3, haki ya kuchimba mfereji Nikaragua na kujenga kituo cha jeshi la majini katika Ghuba ya Fonseca kwa miaka 99. Ghuba hiyo ni ya nchi tatu. Costa Rica na El Salvador zikashtaki, zikashinda, na hukumu ikapuuzwa na wote wawili waliosaini. Mwaka 1918 mahakama ikafa. Aliyetia saini kwa upande wa Nikaragua alikuwa Emiliano Chamorro, na wakati kalamu yake inaandika, askari wa Marekani walikuwa wakilinda mji mkuu wake.

Jumatano na Alhamisi, tarehe 15 na 16 Januari. Managua

Joto kali, na maswali mengi mpakani. Juu ya kilima cha Tiscapa limesimama umbo jeusi la chuma la Augusto Sandino, kiongozi wa waasi waliopigana na askari wa Marekani, mwenye kofia pana, linaloonekana kutoka karibu kila pembe ya mji. Kilima hicho kilikuwa cha ikulu. Sandino alikula chakula cha jioni huko tarehe 21 Februari 1934, akakamatwa alipokuwa akishuka, akauawa na Walinzi wa Taifa, jeshi ambalo Wamarekani walilifunza na kulikabidhi kwa Anastasio Somoza walipoondoka mwaka mmoja kabla.

Walikuwa wameingia mwaka 1912. Hapa jibu la swali langu ni rahisi kupita kote: rais Adolfo Díaz aliandika akiomba waje kuzima uasi dhidi yake. Kabla ya kuwa rais alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya madini ya Kimarekani. Isipokuwa pengo fupi mwaka 1925 na 1926, walikaa hadi 1933, na waliyemwachia funguo alianzisha ukoo uliotawala hadi 1979.

Baada ya hapo walishika nchi Wasandinista, wanamapinduzi waliojiita kwa jina la Sandino, na hapakuwa na mtu Managua wa kutia saini, kwa hiyo ikatafutwa njia isiyohitaji saini ya Managua. Contra walipewa fedha, silaha na makambi upande wa Honduras, na mwaka 1984 mabomu ya majini yakategwa katika bandari za Nikaragua, Corinto ikiwamo. Nikaragua ikaenda The Hague. Tarehe 27 Juni 1986 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitamka kwamba Marekani imevunja sheria ya kimataifa na lazima ilipe fidia. Marekani ilikuwa imeshajitoa kwenye kesi, ikatumia kura ya turufu Baraza la Usalama, na mwaka 1991 serikali ya Violeta Chamorro ikayaondoa madai. Hizo ni hukumu mbili za mahakama mbili, zikipishana kwa takribani miaka 70, na zote zimeishia kwenye rafu.

Nasikitika kuongeza hili, lakini nikiliacha nitakuwa nimedanganya. Wanaotawala leo kwa jina la Sandino waliwaua raia zaidi ya 300 katika maandamano ya mwaka 2018, na kila anayewapinga humwita wakala wa Wamarekani. Historia ya kweli ya uvamizi imekuwa gongo la kumpigia jirani wa ndani. Mwenye chumba nilicholala aliniomba nisizungumze siasa ukumbini, akaniomba kwa adabu, akiangalia dirisha.

Ijumaa, tarehe 17 Januari. Ocotal, Las Manos

Basi la kupanda milima, mifuko ya maharagwe mapajani. Ocotal ni mji mdogo wenye bustani nzuri katikati, na Julai 1927 ulishambuliwa na ndege za Marekani baada ya Sandino kuwashambulia askari waliokuwa humo. Ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza duniani kwa ndege kupiga mbizi na kudondosha mabomu kuwasaidia askari walio chini. Nilikaa bustanini nusu saa nikila mahindi ya kuchoma. Kisha Las Manos, mihuri miwili, na Honduras. Upande huu wa mpaka, katika jimbo la El Paraíso, wakulima wa kahawa walikimbia mashamba yao katika miaka ya 1980 kwa sababu Contra walikuwa wamehamia, na hakuna aliyewaomba wakulima hao saini yao.

Jumamosi, tarehe 18 Januari. Tegucigalpa

Siku ya kufua nguo. Magazeti bado yanaijadili hotuba ya mwaka mpya ya Rais Xiomara Castro, ambaye alisema kwamba Trump akiwafukuza Wahonduras kwa wingi, Honduras italazimika kuutazama upya ushirikiano wake na Marekani, hasa wa kijeshi, kwani wamekuwa na kambi hapa kwa miongo kadhaa bila kulipa hata senti. Mwenye duka la dawa alinieleza kwa sauti ya chini kwamba dada zake wawili wako Houston na ndio wanaolipa kodi ya duka. "Kambi wakae, wasikae, mimi nawaza hizo fedha," alisema. Nimeona hili ni jambo la msingi kuliko mabango yote niliyoyasoma ukutani: mkono ulio kambini na mkono unaoshika viza ni wa mtu mmoja.

Jumapili, tarehe 19 Januari. Comayagua

Bonde pana, la kijani, lenye upepo. Mji una kanisa kuu la zamani na saa inayosemekana kuwa miongoni mwa saa kongwe kabisa za Amerika. Kilomita chache kusini mwake ndiyo Palmerola, kambi ya Soto Cano. Kisheria ni kambi ya Honduras, na chuo cha jeshi la anga la nchi hii kimo ndani. Kikosi cha Marekani kinachoitwa Bravo ni "mgeni" tu, na uwepo wake umeelezwa kuwa wa muda tangu miaka ya 1983 na 1984. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amepitisha miaka 40 na jembe hajaligusa.

Karatasi yake niliitafuta kabla ya safari. Ni mkataba wa misaada ya kijeshi wa mwaka 1954, na mwaka huo hautajwi bure. Ulisainiwa wakati Honduras ikitumika kama uwanja wa kuandalia kikosi cha Carlos Castillo Armas, ambacho Juni mwaka huo, kwa fedha na ndege za shirika la ujasusi la Marekani, kilimng'oa Rais Jacobo Árbenz huko Guatemala. Mwaka 1982 ukaongezewa kiambatisho kilichoruhusu viwanja vya ndege vipanuliwe na kutumiwa, nacho ndicho kilichobeba vita vyote vya Contra. Sikukutana na mtu yeyote Comayagua aliyewahi kukiona.

Muuza matikiti kando ya barabara hakuwa na chuki nao. Alikumbuka helikopta zao zilivyookoa watu katika mafuriko ya kimbunga Mitch mwaka 1998, na kwamba shemeji yake ni fundi umeme kambini. Alikumbuka pia asubuhi ya tarehe 28 Juni 2009. Wanajeshi wa Honduras walimtoa Rais Manuel Zelaya kitandani akiwa na nguo za kulalia, wakampakia kwenye ndege kwenda Costa Rica, na ndege hiyo ikatua Palmerola kwanza. Marekani ilisema askari wake hawakujua wala hawakuhusika. "Inawezekana," muuza matikiti alisema, akilipasua tikiti moja kwa pigo moja la panga. "Mimi hapa nasikia kila ndege inayotua."

Jumatatu, tarehe 20 Januari. Palmerola

Tangu mwaka 2021 kuna uwanja wa kimataifa wa abiria hapa, wenye vioo, mgahawa na choo safi. Jengo liko upande mmoja wa njia ya kurukia ndege, na kambi iko upande wa pili. Njia yenyewe ni moja, na wenyeji na wageni wanaitumia kwa zamu.

Saa tano na dakika chache asubuhi abiria walisogea kwenye televisheni. Rais mpya wa Marekani alikuwa akihutubia baada ya kula kiapo, na alipofika kwenye mfereji alisema kwamba waliipa Panama, si China, na kwamba sasa wanauchukua tena. Mwanamke mmoja mwenye pasipoti ya Panama alisonya, akarudi kwenye kiti chake na kuendelea kumlisha mtoto biskuti. Nikamuuliza anaonaje. Alisema baba yake aliwahi kuisoma mikataba ya mwaka 1977 ya kuurudisha mfereji yote, hadi masharti yaliyoongezwa na Seneti ya Marekani, na kwamba hakushangaa kamwe. Nami nilikuwa nimeyasoma. Mkataba mmoja uliwaondoa Wamarekani ifikapo mchana wa tarehe 31 Desemba 1999, na katika mwenzake uliosainiwa siku ileile maseneta walipachika sharti linalowaruhusu kutumia nguvu za kijeshi iwapo mfereji utafungwa. Omar Torrijos, mtawala wa Panama wakati huo, alilikubali, kwa sababu bila sharti hilo kura 68 zisingepatikana.

Tuliitwa kupanda saa nane mchana. Ndege ilisogea hadi mwanzo wa njia, ikasimama, na injini zikatulia. Dirishani kwangu, ng'ambo ya lami, niliona mabanda ya kijani, mnara wa maji, na helikopta mbili ambazo mapanga yake yalikuwa yameanza kuzunguka. Rubani alitangaza kwa Kihispania, kisha kwa Kiingereza, kwamba tunasubiri ruhusa. Helikopta ya kwanza iliinuka, ikafuatiwa na ya pili, zikainama na kuelekea kusini. Tulikaa pale dakika tisa kwa saa yangu. Mtoto aliendelea na biskuti zake, na ndani ya ndege hakuna aliyeuliza ruhusa hiyo inatolewa na nani.